NENO LETU LA MWEZI: VIZIWI WANA LUGHA YAO, NA LUGHA HIYO INA HAKI YAKE



Mara nyingi tumezungumza humu juu ya Kiswahili cha watoto wetu: kwamba kinapungua vinywani mwao, kwamba bibi aliyeko Mombasa na mjukuu aliyeko Leicester hawaelewani tena kwenye simu, na kwamba mtoto asiyekuwa na lugha ya kuzungumza na wazee wake huwa mgeni ndani ya nyumba ya babake. Mwezi huu tunaiendeleza hoja ile ile, lakini kwa upande ambao ni nadra kutajwa katika mikutano yetu. Tunakusudia kuzungumza juu ya watoto na wakubwa wa jamii yetu ambao hawasikii, na juu ya lugha yao, ambayo haisemwi kwa ulimi bali kwa mikono, uso na macho.

Sababu ya kulileta jambo hili ni barua tuliyoipokea kutoka kwa mama mmoja wa jamii yetu, ambaye kwa ombi lake hatumtaji. Mwanawe ana umri wa miaka tisa na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Skuli anasoma pamoja na viziwi wenzake na anaendelea vizuri, Alhamdulillahi. Lakini alipompeleka madrasa ya Jumamosi aliambiwa, kwa upole na bila ya nia mbaya, kwamba asijisumbue: mtoto huyo hana dhambi, kalamu imenyanyuliwa juu yake, na Mungu hatamuuliza. Mama huyo anatuuliza: ikiwa mwanawe ana akili ya kujua hesabu na historia, amepungukiwa na akili gani hata asiweze kumjua Mola wake?

Tumeona kwamba swali hili haliwezi kujibiwa kwa mistari miwili. Inatubidi kwanza tuijue lugha yenyewe, kisha tujue ilivyodhulumiwa na ilivyorudishiwa heshima yake, ndipo tugeukie nyumba zetu na misikiti yetu.

LUGHA KAMILI, SI KUPUNGA MIKONO

Wapo wengi wanaodhani kuwa lugha ya ishara ni mchezo wa kupunga mikono, au ni Kiingereza kilichogeuzwa kuwa vidole. Si hivyo. Lugha ya Ishara ya Uingereza, ambayo hapa hujulikana kwa herufi zake tatu, BSL, ina msamiati wake na sarufi yake, na mpangilio wa maneno yake haufuati Kiingereza. Pale ambapo sisi katika Kiswahili huongeza kiambishi ili kukanusha au kuuliza, kiziwi hutumia mwendo wa mkono, nafasi iliyo mbele ya kifua chake, kutikisa kichwa au kuinua nyusi. Nyusi zikibadilika, habari huwa swali. Kwa lugha hiyo watu hufanya mzaha, hugombana na kupatana, hutunga mashairi, husomea shahada na hutoa ushahidi mahakamani.

Wala si lugha moja kwa ulimwengu mzima. Kiziwi wa London na kiziwi wa New York hawaelewani kwa wepesi, ingawa majirani zao wanaosikia wote husema Kiingereza. Hata herufi zao ni mbali mbali: Mwingereza huzionyesha kwa mikono miwili, na Mmarekani kwa mkono mmoja. Kenya ina lugha yake ya ishara, na Tanzania ina yake, ambayo huko huitwa lugha ya alama. Jambo hili linatuhusu hasa sisi wahamiaji. Kiziwi aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam akifika hapa huanza upya, kama tulivyoanza sisi sote, na mkalimani wa BSL huenda asielewane naye siku za mwanzo. Anayemsindikiza hospitali au ofisini na alieleze jambo hilo mapema.

Liko pia suala la majina tunayowaita. Wengi wetu tumezoea kusema "bubu". Viziwi wengi wana sauti kama sisi. Wasichoweza ni kuisikia. Wenyewe hujiita viziwi bila ya kuona haya, na ndivyo walivyokiita chama chao huko Tanzania: Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA. Kama wenye jina wameridhika na jina lao, sisi hatuna haja ya kuwatafutia jingine.

Na tuitazame pia lugha yetu tamu ya Kiswahili. Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tunasema mtoto huyu hasikii, tukimaanisha kwamba hatii. Kusikia na kutii, kusikia na kufahamu, vimefungwa pamoja katika maneno yetu hata tunaposahau kwamba sikio ni mlango mmoja tu kati ya milango ya akili. Ndiyo maana mtoto kiziwi akiitwa mara tatu asigeuke, jirani humwona ni mkaidi. Na akikosa kujibu, humwona ni mjinga. Kumbe hakufikiwa.

LUGHA ILIYOPIGWA MARUFUKU

Mwezi wa Septemba 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbali mbali walikutana Milano, Italia. Walikuwa wajumbe 164, na kiziwi kati yao alikuwa mmoja tu. Mkutano huo ulipitisha kwamba kumfundisha kiziwi kwa kusema na kusoma midomo ni bora kuliko kumfundisha kwa ishara, na kwamba ishara ziachwe. Maamuzi hayo yalienea Ulaya na Marekani. Walimu viziwi walipoteza kazi zao. Katika skuli nyingi watoto walikalishwa wakiwa wameikalia mikono yao, na aliyeonekana akifanya ishara alichapwa vidole. Kizazi baada ya kizazi walimaliza skuli wakiwa wametumia miaka yao kujifunza kutamka maneno machache wasiyoweza kuyasikia, na elimu yenyewe ikawapita.

Hali hii haitakuwa ngeni kwa wasomaji wetu. Waliosoma Kenya wanakikumbuka kile kibao kilichokuwa kikivishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyeteleza akasema lugha ya kwao, akakaa nacho mpaka amnase mwenziwe. Anayeujua uchungu wa kuaibishwa kwa lugha ya mamake ataujua uchungu wa viziwi, ila wao walizidi: mtoto wa kibao alirudi nyumbani jioni akaisema lugha yake, lakini mtoto kiziwi mara nyingi hata nyumbani hakuwa na wa kusema naye.

Hata hivyo lugha hiyo haikufa. Ilihifadhiwa katika mabweni, usiku, taa zilipokuwa bado hazijazimwa. Ilihifadhiwa katika vilabu vya viziwi na katika familia zao. Hapa Uingereza viziwi waliunda chama chao mwaka 1890, miaka kumi tu baada ya Milano, na chama hicho ndicho British Deaf Association kilichopo mpaka leo. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, William Stokoe, alitoa uchunguzi wake ulioonyesha kwamba ishara za viziwi zina muundo wa lugha kamili, na wataalamu wa lugha wakaanza kubadili mawazo yao. Na mwaka 2010, mkutano ule ule wa kimataifa wa walimu wa viziwi ulipokutana Vancouver, Canada, uliyakataa rasmi maamuzi ya Milano na kueleza masikitiko yake. Ilichukua miaka 130.

SHERIA YA HAPA UINGEREZA

Mwezi wa Machi 2003 serikali ya Uingereza ilitamka kwamba BSL ni lugha kwa haki yake. Lilikuwa tamko tu, si sheria. Scotland ilitangulia kutunga sheria yake mwaka 2015. Kisha mbunge Rosie Cooper, ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi na ambaye tangu utoto alikuwa akiwakalimania, alipeleka mswada Bungeni, na tarehe 28 Aprili 2022 ukawa sheria. Kwa sheria hiyo BSL inatambuliwa kuwa lugha ya England, Wales na Scotland, na serikali inatakiwa itoe ripoti kila baada ya muda juu ya namna wizara zake zinavyoitumia katika kuwasiliana na wananchi.

Ni vyema tufahamu sheria hiyo inafika wapi na inakomea wapi. Imeipa lugha heshima, na imeilazimisha serikali ijieleze. Haikumpa kiziwi mmoja mmoja haki mpya ya kudai mkalimani popote aendapo. Haki anayoweza kuitumia leo akikataliwa inatoka katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayowataka wenye kutoa huduma, waajiri na skuli wafanye marekebisho ya kiasi kinachofaa ili mwenye ulemavu asiachwe nyuma.

Mfano wa tofauti hiyo ulionekana wakati wa maradhi ya korona. Mwaka 2020 serikali ilipokuwa ikitangaza habari za maradhi hayo kwenye televisheni kutoka London, hapakuwa na mkalimani wa ishara pembeni ya msemaji, wakati ambapo Scotland na Wales walikuwa naye. Viziwi walilalamika, na mwanamke mmoja kiziwi akaishitaki serikali. Mwezi wa Julai 2021 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba katika matangazo mawili ya mwaka 2020 serikali ilikuwa imevunja Sheria ya Usawa kwa kutokuwa na mkalimani. Tuzingatie hapo, ndugu zetu: habari yenyewe ilikuwa ya uhai na mauti. Wazee wetu wasiojua Kiingereza walizipata habari zile kwa watoto wao. Kiziwi anayekaa peke yake alizipata kwa nani?

Kwa idadi, viziwi si wengi sana, lakini si wachache wa kupuuzwa. Katika sensa ya mwaka 2021 watu wapatao 22,000 wa England na Wales waliandika kwamba BSL ndiyo lugha yao kuu. Chama cha British Deaf Association kinakadiria kwamba wanaoitumia BSL Uingereza nzima ni kiasi cha 151,000, na kati yao 87,000 ni viziwi. Waliobaki ni jamaa zao, walimu, wakalimani na wengineo.

HUKO TULIKOTOKA

Asije mtu akadhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliitaja lugha ya ishara na kuitaka dola iiendeleze, miaka 27 kabla ya sheria ya Uingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwenda mbele zaidi: kifungu chake cha 120 kinasema kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Tazameni heshima hiyo: Kiswahili chetu na lugha ya viziwi wameketi katika kifungu kimoja. Zanzibar ilitunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2010. Sheria si utekelezaji, na waliobaki huko wanajua zaidi kuliko sisi kwamba walimu wenye kuijua lugha ya alama hawatoshi. Lakini hoja ya kwamba jambo hili ni la kigeni haina msingi.

Umoja wa Mataifa nao umeifanya tarehe 23 Septemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha za Ishara, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu tarehe 23 Septemba 1951 ndipo Shirikisho la Viziwi Duniani lilipoundwa mjini Roma.

NYUMBANI NDIKO KUNAKOANZIA

Sasa tugeukie majumbani mwetu. Wataalamu wanasema kwamba watoto tisa kati ya kila kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake ni kwamba mtoto kiziwi huzaliwa katika nyumba ambayo hakuna anayejua lugha anayoweza kuipokea kwa ukamilifu. Mtoto anayesikia huokota lugha bila ya kufundishwa: huisikia mamake akinong'ona, babake akilalamika juu ya bei ya umeme, shangazi yake akisengenya. Mtoto kiziwi haokoti chochote kati ya hayo. Lazima apewe, tena apewe mapema, kwa sababu miaka ya mwanzo ya umri ndiyo ambayo akili hujenga lugha, na lugha ikikosekana miaka hiyo, hasara yake ni ngumu kulipika.

Wapo wazazi walioambiwa kwamba mtoto akifundishwa ishara atakuwa mvivu wa kusema. Tunasema hivi: sisi ni watu wa lugha mbili na tatu. Hakuna katika sisi aliyesahau Kiswahili kwa kujua Kiarabu cha kusomea Qur'ani, wala aliyeshindwa na Kiingereza kwa sababu ya Kiswahili. Lugha moja haiizuii nyingine. Mtoto anaweza kuvaa kifaa cha kumsaidia kusikia, au kufanyiwa upasuaji wa kuwekewa kifaa ndani ya sikio, na pia akajua ishara. Siku kifaa kikiharibika, au anapokuwa bwawani au kitandani, mikono yake bado iko naye. Uamuzi wa matibabu ni wa wazazi pamoja na madaktari wao. Tunachosisitiza ni kwamba mtoto asingojeshwe lugha.

Itazameni sahani ya familia jioni ya Ramadhani. Watu kumi wameizunguka, maneno yanaruka huku na huku, kicheko kinapasuka. Kijana kiziwi anamvuta nduguye mkono: wanacheka nini? Anajibiwa kwa kidole: ngoja, nitakueleza baadaye. Baadaye akielezwa, huelezwa maneno matatu kati ya mia tatu. Akae hivyo mwaka mzima, akae hivyo miaka ishirini. Watu watasema ana tabia ya kujitenga, anapenda kukaa chumbani kwake, hapendi jamaa. Je, ni yeye aliyejitenga?

Tunasema pia juu ya watoto wanaosikia ambao wazazi wao ni viziwi. Wengi wetu tuliofika hapa bila ya Kiingereza tumewaona watoto wa miaka minane wakiwakalimania bibi zao mbele ya daktari, wakisikia siri za tumbo na za damu ambazo hazikuwa zao kuzisikia. Mtoto wa kiziwi hubebeshwa mzigo huo huo. Haifai. Huduma za afya za England zinatakiwa, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2016, kuyauliza mahitaji ya mawasiliano ya mgonjwa mwenye ulemavu, kuyaandika katika faili lake na kuyatimiza. Mkalimani aliyesajiliwa hulipwa na huduma yenyewe, si na mgonjwa. Aombwe pale pale miadi inapowekwa, si asubuhi ya siku yenyewe, na jina la lugha litajwe: BSL. Na kwa dharura, tangu Juni 2022 iko huduma ya bure ya 999 kwa BSL, usiku na mchana, ambapo kiziwi huzungumza na mkalimani kwa picha ya simu naye akazungumza na polisi, gari la wagonjwa au zimamoto. Kila nyumba yenye kiziwi na iwe na programu hiyo katika simu kabla ya siku ya kuihitaji.

MSIKITINI NA MADRASANI

Tunarudi sasa kwenye swali la mama yetu. Ni kweli kwamba kalamu imenyanyuliwa juu ya mtoto mdogo mpaka abaleghe, juu ya aliyelala mpaka aamke na juu ya asiyekuwa na akili mpaka akili imrejee. Kiziwi mwenye akili timamu hayumo katika watatu hao. Anayefahamishwa kwa ishara akafahamu ni mtu kamili mbele ya sheria: ana wajibu wake, na kwa hivyo ana haki ya kufundishwa wajibu huo. Kumwambia mzazi "mwache, hana dhambi" kunasikika kama huruma, lakini ndani yake mna hukumu nzito, kwamba mtoto huyo si mmoja wetu.

Wanavyuoni wetu wa kale hawakuona hivyo. Vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa watu wa pwani wamelelewa nayo, vinaikubali ishara inayofahamika ya asiyeweza kusema katika nikaha, katika talaka, katika kuuza na kununua. Majalla, yaani mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliotungwa kati ya 1869 na 1876, ina kifungu cha 70 kinachoziweka ishara zinazojulikana za asiyesema mahali pa maneno ya ulimi. Tazameni tarehe. Wakati walimu wa Milano walipokuwa wanajitayarisha kuzifukuza ishara madarasani, kadhi wa Kiislamu alikuwa akizipokea mahakamani.

Na kabla ya hao, tunaye Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, ambaye Qur'ani inatusimulia kwamba kwa siku tatu hakusema na watu ila kwa ishara, na kwa ishara hiyo aliwaamrisha watu wake wamtukuze Mola wao asubuhi na jioni. Bibi Maryamu naye, alipoulizwa na watu wake, alijibu kwa kumwashiria mtoto. Ujumbe wa dini umewahi kufikishwa kwa mkono, na ukafika.

Tunaijua pia habari ya Ibn Umm Maktum, sahaba aliyekuwa kipofu, ambaye kwa ajili yake iliteremka Sura ya Abasa. Hakuishia kuhurumiwa. Alikuwa mwadhini wa Mtume, rehema na amani zimfikie, na aliachiwa Madina aisimamie wakati Mtume alipokuwa safarini. Huko ndiko kumheshimu mtu mwenye ulemavu: kumpa kazi na amana, si kumpa sadaka peke yake.

Mpaka leo hotuba ya Ijumaa ya Msikiti Mtukufu wa Makka hufasiriwa kwa lugha ya ishara. Ikiwa inawezekana huko, mbele ya malaki ya watu, yawezekana katika ukumbi wetu wa watu mia mbili.

MAMBO TUNAYOYAPENDEKEZA

Kwanza, kamati za misikiti na madrasa zetu ziandikishe ni familia ngapi zina kiziwi. Hatuwezi kumtumikia tusiyejua yuko wapi.

Pili, hotuba za Idi mbili, mawaidha makubwa ya Ramadhani na mikutano mikuu ya jumuiya ipatiwe mkalimani aliyesajiliwa. Wapo watakaosema ni ghali. Ni kweli kwamba ni kazi ya ujuzi na ina malipo yake. Lakini tunachangishana kwa mazulia, kwa vipaza sauti na kwa mapishi ya futari. Kipaza sauti kimenunuliwa kwa ajili ya wanaosikia. Mkalimani ni kipaza sauti cha wasiosikia.

Tatu, walimu wa madrasa wajifunze mambo mepesi yasiyogharimu chochote: kumkabili mtoto wanaposema, kutogeukia ubao huku wakiendelea kusoma, kutosimama mbele ya dirisha lenye mwanga unaouficha uso, kuandika muhtasari wa somo. Na itafutwe, katika miji ya jirani, nafasi ya kuwa na mwalimu Muislamu kiziwi, hata mara moja kwa mwezi. Mtoto anahitaji kumwona mtu mzima aliye kama yeye akisali na kufundisha.

Nne, kila familia yenye kiziwi ianze kujifunza, baba na kaka pia, si mama na dada tu. Vyuo vingi vya watu wazima vina masomo ya BSL ya jioni, na jumuiya ya National Deaf Children's Society, iliyopo tangu mwaka 1944, huwapa wazazi ushauri.

Tano, viziwi wanapoitetea lugha yao, tusikae pembeni. Wakikusanya saini, tutie zetu. Wakimwandikia mbunge, nasi tumwandikie. Na katika mambo yao tuwaulize wao kwanza, maana mkutano wa Milano uliwaamulia viziwi bila ya viziwi, na hasara yake tumeisoma hapo juu.

Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika. Maneno hayo ni ya hekima na yanatukumbusha kwamba leo ni yeye na kesho ni wewe. Wengi wetu tukiruzukiwa uzee tutapungukiwa na masikio. Lakini tusimfanye kiziwi kuwa onyo la wengine tu. Yeye ni mwanachama wa jumuiya hii kama mwingine yeyote, ana lugha yake, ana akili yake na ana mengi ya kutuambia siku tutakapojifunza kumtazama. Kwa upande wetu, tumemjibu mama aliyetuandikia kwamba mwanawe ana haki ya kufundishwa, na tumeipeleka barua yake, kwa idhini yake, kwa kamati ya madrasa inayohusika. Kamati imekubali kuizungumzia katika kikao chake kijacho. Wenye ujuzi wa BSL katika jamii yetu, na hasa viziwi wenyewe, wanaombwa wafike.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu Subhanahu Wataala azifungue nyoyo zetu, awaruzuku watoto wetu wote elimu yenye manufaa, wanaosikia na wasiosikia, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kupeana haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.